Kufuli Kwenye Chujio

Saa nne na robo asubuhi pipa la mashine ya kukaushia lilisimama, kengele ikalia, na watu watatu wa chumba cha dobi wakatazamana bila hata mmoja kusogea. Kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake akaguse. Mwishowe Kijiko, yule mwembamba wa mashine za kufulia, alifungua mlango, akazamisha mkono mpaka begani, akauacha humo kitambo kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto.

"Vipi?" akauliza Katiba.

"Dada, nikikudanganya utafurahi?"

"Sema."

"Maji yamepata joto. Hicho tu ndicho kilichotokea. Tuliingiza mashuka ya maji baridi, tumetoa mashuka ya maji moto."

Mpiga pasi, mama mnene aliyekuwa amekalia ndoo, alichekea puani, halafu akamwona Katiba usoni akakatisha. Huo ulikuwa mzunguko wa tatu wa mzigo uleule. Zamani mashuka thelathini yalikauka kwa dakika arobaini, ukiyatoa yanakuunguza vidole. Haya yalikuwa yanazunguka tangu saa moja asubuhi, na bado ukilikamua moja kwenye pindo linatoa tone. Mashine ilikuwa moja tu kwa hospitali nzima. Nje mvua ilikuwa na wiki ya tatu, na kamba za uani zilikuwa zimebaki za kunguru kunyeshewa.

Jina la kwenye kitambulisho cha yule mwanamke hakuna aliyelitumia. Walimwita Katiba. Shule aliiacha mapema, lakini sheria za kazi alizisoma mwenyewe, kifungu kwa kifungu, kamusi pajani, kwenye benchi la kituo cha basi, mpaka akawa anawasahihisha waliosomea. Na alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Ukisema sabuni ilibadilishwa mwaka fulani, atakutajia mwezi, siku, nani alitia saini na kalamu ilikuwa ya rangi gani. Mabosi watano walipita mbele yake katika miaka ishirini na miwili, na kila mmoja aliondoka akiwa amejifunza kuandika kwa tahadhari.

Lakini asubuhi hiyo Katiba hakuwa anafikiria mabosi. Alikuwa anafikiria mgongo wa mama yake.

Siku tisa kabla ya hapo mama yake mzazi aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akalazwa ghorofa ya pili, Wodi ya Wanawake Namba Mbili, kitanda cha dirishani. Juzi nesi alimwita Katiba, akamgeuza bibi ubavu, akamwonyesha pale chini ya kiuno doa jekundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa, ngozi imelainika kama karatasi iliyolowa.

"Kidonda cha kitandani kinaanza," nesi alisema. "Tunampaka dawa, tunamgeuza kila baada ya saa mbili. Ila kinachotakiwa ni shuka kavu. Akiendelea kulalia unyevu, hapa patafunguka. Na kwa umri wake pakifunguka, dada, hapafungiki tena."

Shuka la nyumbani halikuruhusiwa. Bango lilikuwa mlangoni, kubwa, lenye picha ya kunguni aliyechorwa kwa mapenzi mengi. Kwa hiyo shuka lilipaswa kutoka chini, kwenye chumba cha dobi, mikononi mwa binti wa mgonjwa. Hapo sasa mtu angesema, si achukue moja ampelekee? Machache yalikuwa yanakauka, hata kama ni kumi kwa siku.

Asingeweza, na sababu ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa kiganja: ZAMU NI ZAMU, AWE WAZIRI AWE MAMA YAKO.

Aliyeandika ni yeye Katiba. Mwaka wa tatu wa kazi yake kulikuwa na mgonjwa mkubwa chumba cha peke yake, anabadilishiwa mashuka mara tatu kwa siku, wakati wodi za chini watu wanalala juu ya plastiki tupu. Katiba aliwatoa dobi wote nje, wakasimama uani siku mbili na mikono mifukoni, mpaka ofisi ikakubali orodha: wazazi kwanza, kisha watoto, kisha upasuaji, kisha wanaume, kisha wanawake namba moja, wanawake namba mbili mwisho. Namba mbili waliwekwa mwisho kwa sababu ni wodi ya wanaolala muda mrefu. "Hao hawana haraka," aliyesema ni yeye mwenyewe, kwenye kikao, na muhtasari wa kikao anao mpaka leo ndani ya mfuko wa plastiki.

Na mashine? Mashine ilikuwa na hadithi yake, na bila kuisikia hutaelewa kwa nini watu watatu wazima walitazamana asubuhi ile kama watoto waliovunja kioo.

Nguo ikikaushwa hutoa vumbi la nyuzi. Vumbi hilo hunaswa na chujio, wavu mpana kama sinia uliofichwa nyuma ya kijimlango chini ya mashine. Ukivuta chujio baada ya mzigo unakuta limevaa tandiko laini la kijivu, jepesi, la kuvutia kushika. Dobi waliliita sufi. Miaka yote walikuwa wanalitoa kila mzigo na kulitia guniani, na mpiga pasi, huku pasi ikipata moto, alilishonea ndani ya vipande vya mashuka yaliyochakaa, akatengeneza vimto vidogo vya kuweka chini ya visigino na viwiko vya wagonjwa wasioweza kujigeuza. Hakuna aliyewaagiza. Hakuna aliyewashukuru ila visigino. Vingine, tuseme ukweli, vilikwenda nyumbani.

Na hicho ndicho kilichoonwa. Miaka yote ofisi haikuona wodi inalalia nini, lakini kimto kimoja ndani ya mfuko wa mpiga pasi getini ilikiona saa hiyohiyo. Jumanne, tarehe kumi na sita, mwezi wa kwanza mwaka jana, ukaja waraka: "Mabaki yote yatokanayo na shughuli za ufuaji ni mali ya taasisi." Kijimlango cha chujio kikatiwa kufuli. Ofisi yenyewe ingekuja kufungua kila Ijumaa, sufi ichukuliwe, ikateketezwe. Ndiyo, ikateketezwe. Heri moto kuliko kisigino cha maskini.

Katiba alipanda juu ya kreti ya sabuni, akausoma waraka kwa sauti yake ya mkutano, akaukunja. "Jamani, mmesikia. Sufi ni mali yao. Basi waje waichukue wenyewe! Kuanzia leo hakuna mkono wa dobi utakaogusa chujio hili, hata kufuli lianguke lenyewe!"

Walipiga makofi. Kijiko aligonga ndoo. Mpiga pasi alilia kwa furaha, maana alikuwa ameaibishwa getini mbele za watu. Ilikuwa siku nzuri. Wiki nzima watu walitembea vifua mbele.

Ofisi ilikuja Ijumaa tatu. Ya nne haikuja, wala ya tano. Kijiko akauliza, "Dada, tuwakumbushe?" Katiba akajibu, "Utamkumbusha mtu aje kukuvua nguo?" Wakacheka, wakaacha. Mashine ikaanza kuchukua dakika hamsini, ikaja saa nzima, ikaja saa mbili. Kila ilipochelewa walikonyezana. Acha waone. Ofisi ikaleta fundi, akabadilisha koili ya moto. Ikamleta tena, akabadilisha mkanda na kidhibiti joto. Mara zote mbili Katiba alisimama pembeni amekunja mikono, anajua anachojua, na kule kunyamaza kulikuwa na utamu wake, asikudanganye mtu.

Utamu huo uliisha siku nyonga ya mama yake ilipovunjika. Lakini maneno yaliyokaa kifuani mwaka na zaidi hayatoki kwa siku moja. Siku tisa alikuwa anayaleta mpaka kwenye meno na kuyameza.

Sasa, mashuka yakiwa bado yanafuka mvuke ndani ya pipa, alijifuta mikono akapanda juu.

Mama yake alikuwa amelala kiubavu, uso dirishani, anaangalia mvua kama mtu anayemsimamia kibarua mvivu.

"Umekuja mikono mitupu tena," alisema bila kugeuka.

"Shuka halijakauka, mama."

"Na hili langu je? Nimelilalia tangu jana jioni. Lingekuwa yai lingeshatoa kifaranga." Akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye uso wa kukunjamana, maana kucheka kulitikisa nyonga. "Nimezaa dobi wa hospitali nzima, nami nalala kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni."

Katiba alipitisha kiganja chini ya shuka. Lilikuwa baridi, la kunata. Alikitoa kiganja akakifuta kwenye koti lake la kazi, lile la bluu lenye muhuri mgongoni.

"Na vile vimto vyenu viko wapi?" mama akauliza. "Mwaka ule niliopasuliwa tumbo uliniwekea viwili visiginoni. Miguu ilikaa kama ya malkia. Sasa hivi visigino vinawaka."

"Vilikatazwa."

"Na nani?"

"Ofisi."

"Wewe na huo mdomo wako mkafanyaje?"

"Tuliwakomoa, mama. Tuliacha kabisa kugusa lile chujio. Tukasema waje wenyewe."

Mama yake aligeuza shingo polepole, akamtazama, na macho yake yalikuwa na udadisi wa kweli, si kejeli.

"Mliwakomoa. Eeh. Na hao mliowakomoa wanalala wodi gani?"

Katiba, mwenye jibu la kila kitu na tarehe yake, alimwekea mama sawa mto. Kisha akasema, "Narudi sasa hivi," akashuka ngazi mbilimbili.

Fundi alikuwa ameshafika, amepiga goti nyuma ya mashine, koili mpya imefungwa kwenye karatasi pembeni yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na kalamu nyuma ya sikio.

"Fundi, weka hiyo koili chini."

"Shikamoo kwanza, dada mkubwa."

"Marahaba. Weka chini. Tatizo si moto. Fungua chujio."

Mpiga pasi aliinamisha uso. Kijiko alizima mashine ya kufulia ili asikie vizuri.

"Karatasi yangu inasema koili," fundi alisema. "Na pale pana kufuli la ofisi. Mimi kufuli la watu silikati."

"Nipe msumeno nikate mimi. Wewe shika tochi tu. Kushika tochi hakuna waraka."

Alikata kwa dakika kumi, magoti kwenye sakafu yenye maji, jasho linamdondoka puani. Kufuli lilipoachia, kijimlango kilifunguka chenyewe kwa kusukumwa kutoka ndani. Sufi ilitoka kama unga uliokandwa ukaumuka, tabaka juu ya tabaka, unaona kabisa mistari ya kijivu, ya bluu, ya kijani ya nguo za upasuaji. Walivuta kwa mikono miwili. Gunia la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama wee," Kijiko alisema, "humu mna mito ya hospitali tatu!"

Hata mpiga pasi alicheka sasa, akaanza kubembeleza rundo lile kama paka. Fundi naye alitabasamu. Imekwisha, Katiba alijiambia. Aibu kidogo, magunia matatu, imekwisha. Adhuhuri nitakuwa juu na shuka la moto.

Kisha fundi akavuta chujio lenyewe, akaliinua kwenye mwanga, na tabasamu likamtoka.

Wavu ulikuwa umechanika katikati. Tundu lilikuwa la kupitisha kichwa cha mtoto.

"Lilijaa likashindwa kubeba," alisema taratibu. "Likachanika. Sijui lini. Lakini tangu hapo chochote kilichokuja kimepita." Akapiga goti tena, akafungua skrubu za bomba la hewa mgongoni mwa mashine, akalichomoa. "Dada, mashine hii haikaushi kwa moto peke yake. Inakausha kwa upepo. Hewa ya moto inapita kwenye nguo, inabeba maji, inatoka nje kwa bomba hili. Isipotoka, maji yanabaki humohumo yanazunguka na nguo. Sasa tazama."

Alimulika. Bomba lilikuwa limejaa sufi, limeshindiliwa kama godoro. Fundi aliingiza mkono akavuta fungu, akavuta la pili. La tatu lilikuwa jeusi. Alilinusa, akampa Katiba anuse. Lilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

"Imeshaanza kuungua," alisema. "Mungu tu."

"Basi vuta yote itoke."

"Mkono wangu unaishia hapa. Bomba hili linatokea wapi?"

Kila mtu alijua. Zamani lilitoboa ukuta wa nyuma likatoka moja kwa moja, na walinzi walikuwa wakiota joto pale. Miaka mitatu iliyopita ofisi mpya zilipojengwa nyuma, bomba lilipandishwa, likapigwa kona nne, likapitishwa ndani ya dari ya ofisi zote mpaka upande wa pili wa jengo. Dari ile ilikuwa imepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe ya kumetameta.

Fundi alichukua kadi nyekundu mfukoni mwa begi, akaifunga kwa waya kwenye swichi kuu. HATARI, USIWASHE.

"Fundi," Katiba alisema, "hatujaonana leo. Funga bomba, washa dakika ishirini. Shuka moja tu."

"Dada."

"Dakika kumi na tano. Nitasimama hapahapa na ndoo ya maji."

"Ukiiwasha hii na ikashika moto ndani ya dari, juu ya kichwa chako ni wodi ya watoto." Alisema kwa upole, kama anaomba radhi. "Ingekuwa ni kuchelewa tu, mngeendelea kuchelewa. Lakini sasa nimeiona. Nikiiona siwezi kusema sijaiona."

Hapo ndipo Katibu wa hospitali alipoingia, pindo za suruali zimelowa, mwavuli unachuruzika. Aliangalia magunia, akaangalia kufuli lililokatwa, akaangalia kadi nyekundu. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. Katiba alikuwa na mbinu za watu wanaopiga kelele.

"Nani alikuwa hasafishi chujio?"

Katiba alikwenda kwenye kabati lake, akatoa mfuko wa plastiki, akatoa waraka. Katibu aliusoma wote, mpaka kwenye saini, na saini ilikuwa yake.

"Sawa," alisema. "Hapa nimeandika ofisi itafungua kila Ijumaa. Ofisi haikuja. Hilo ni langu. Ofisi ilipoacha kuja, nyie mlijua?"

Kijiko alitazama viatu vyake.

"Tulijua," alisema Katiba.

"Tangu lini?"

Alitamani mara moja katika maisha yake asahau. Kumbukumbu ile ilimletea jibu bila kuombwa, kama ilivyomletea siku zote, safi, na siku na tarehe.

"Tangu Ijumaa, tarehe tisa, mwezi wa pili mwaka jana. Ndiyo Ijumaa ya kwanza ambayo hakuja mtu."

Katibu alitikisa kichwa taratibu. "Mwaka na miezi. Na waraka uliuhifadhi vizuri." Akamrudishia. "Kuvunja dari lazima kamati ya matengenezo ikae. Inakaa mwisho wa mwezi. Nitajaribu kuwahimiza."

"Mwisho wa mwezi ni wiki tatu! Watu wanalala kwenye maji!"

"Nitajaribu, nimesema."

"Vunjeni leo! Nipe nyundo nivunje mwenyewe!"

"Dari ile ina nyaya za umeme wa chumba cha upasuaji. Ukiipiga nyundo pasipofaa?" Akaukung'uta mwavuli. "Nitajaribu," Katibu alisema mara ya tatu, akaenda na mwavuli wake.

Wengine wangesema mtu yule ni mbaya. Ni mtu aliyezoea kwamba ofisi ikikosea inaitisha kikao, na kikao kina chai, na chai ina muda wake. Katiba alikosea pia, lakini kosa lake halikuwa na kikao. Lilikuwa na doa chini ya kiuno cha mama yake, na doa halingoji mwisho wa mwezi.

Fundi alifunga begi lake. Akaenda. Koili mpya aliisahau pale chini.

Zilibaki pasi mbili za mkono. Shuka lililolowa ukilipiga pasi mpaka likauke linakula nusu saa nzima, mvuke unakupanda machoni, na mkono unakufa ganzi kuanzia bega. Walipokezana watatu, tangu saa saba mchana, bila kuongea. Hata Kijiko, ambaye angeweza kutania maiti, hakutania. Ilipofika saa kumi walikuwa na mashuka kumi na moja. Wodi ya wazazi peke yake ina vitanda ishirini na sita. Wafanyakazi wa wodi walikuja wakachukua kumi, wakauliza mengine lini, wakajibiwa na mvua.

La kumi na moja lilikuwa ndio kwanza linatoka chini ya pasi ya Katiba.

"Dada," Kijiko alisema chini kwa chini. "Lichukue hilo. Mpelekee bibi."

"Zamu bado iko kwa wazazi."

"Nani kauliza zamu? Mimi nageukia ukutani, sioni kitu."

Akageuka kweli. Na ukuta alioukabili ulikuwa ule wenye maandishi. Alipogundua alitoa sauti ndogo, si kicheko wala kilio, akageukia upande mwingine. Mpiga pasi akajifanya anatafuta sindano.

Katiba alilikunja shuka, akalitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote sita juu yake. Joto lake lilimwingia tumboni. Alitoka bila kuaga.

Ngazi za kwenda ghorofa ya pili zinapita mlangoni kwa wazazi. Alikuwa ameamua kutotazama, akapita bila kutazama, akafika kwenye kona ya ngazi. Lakini jicho lilikuwa limeshachukua kilichokuwepo. Mwanamke mmoja kijana sana alikuwa amesimama kando ya kitanda cha plastiki tupu, ananing'inia kwa mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda, mkono wa pili ameshika mtoto aliyefungwa kwenye taulo. Amesimama kwa sababu plastiki ilikuwa na maji.

Hakuna aliyemwita Katiba. Yule mwanamke hata hakujua kuna shuka duniani lililokuwa linapanda ngazi. Katiba alisimama pale konani, mkono kwenye ukingo, akahesabu vipandio vilivyobaki mpaka kwa mama yake. Kumi na nne. Akahesabu tena.

Akarudi. Alifuta plastiki kwa mkono wa koti, akatandika shuka, akakunja kona nne kama alivyofundishwa siku ya kwanza ya kazi. Akamshika yule mzazi kiwiko mpaka alipokaa.

"Asante, daktari," mwanamke alisema, macho yameshafumba.

Katiba hakumsahihisha.

Juu, nesi alikutana naye mlangoni, na Katiba alijua kabla hajaambiwa, kwa jinsi alivyolaza sauti. "Pamefunguka mchana huu, dada. Padogo bado. Daktari kaona. Shuka umepata?"

"Sijapata."

Mama alikuwa amegeuzwa upande wa pili sasa, hawezi kuona dirisha, anaona ukuta. Aliposikia viatu alisema, "Imekawia hiyo sasa hivi yako." Sauti ilikuwa imepungua tangu asubuhi. Hakuuliza kuhusu shuka. Hilo ndilo lililomwuma Katiba kuliko chochote alichowahi kuambiwa na bosi yeyote, kwamba mama yake hakuuliza.

Alitazama wodi nzima. Vitanda kumi na nane, mashuka kumi na nane ya kijivu kwa unyevu, watu wasio na haraka. Akashika ukosi wa koti lake. Lilikuwa kavu. Mkono mmoja tu ndio uliolowa, kwingine kote joto la mwili wake lilikuwa limelikausha siku nzima. Alilivua. Kwa msaada wa nesi alimwinua mama taratibu, akavuta shuka bichi, akafuta plastiki, akalikunjua koti lote, akalitandika chini ya mgongo na kiuno.

Mama yake alivuta pumzi. "Lina joto," alisema. Baada ya kitambo akaongeza, "Lina vifungo."

"Vinakuumiza?"

"Vinanigusa palepale."

Nesi alikwenda kutafuta mkasi, ukawa umechukuliwa na wodi ya chini. Katiba alipiga magoti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini ya ubavu wa mama yake, akavuta pindo la koti nje kidogo, akauma uzi wa kifungo cha kwanza. Ulikatika. Akakitema kiganjani. Akauma wa pili.

"Koti hili si la kwao?" mama aliuuliza ukuta.

"La kwao."

"Watakuandikia waraka."

Mdomo wa Katiba ulikuwa na kazi. Cha tatu. Cha nne. Cha tano kilitoka na kipande cha kitambaa. Cha sita kilishonwa na mpiga pasi mwenyewe, siku kilipodondoka mwaka juzi, kwa uzi mara nne, kwa sababu alikuwa anampenda. Meno yaliteleza. Akajaribu kwa pembeni, kwa magego, mate yakamtoka, uzi ukakaa palepale.

"Bado kimoja," alisema mama yake.

"Najua, mama," alisema Katiba, akainama tena.